Mtu wa Stima

Jumanne jioni transfoma ya Nyalenda ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nikapanda nguzo, mkanda kiunoni,
tochi mdomoni, ladha ya betri ulimini,
na chini yangu mtaa mzima ukiuliza swali moja:
Stima imeenda wapi?

Swali zuri.
Nimetembea nalo miaka kumi na minne
kama koleo mfukoni.

Kwani stima haikuanza kuwa waya.
Ilikuwa na dohani, na king'ora, na tumbo la kuni.
Waingereza walikiita chombo kwa jina la pumzi yake,
ule mvuke uliofungiwa chumani mpaka ukakubali kusukuma,
nasi tukalipokea jina gatini pamoja na shehena.
Jinsi lilivyotoka majini hadi kwenye nguzo
kamusi ya maktaba haisemi.
Nadhani lilipanda kama nipandavyo mimi,
bila kutazama chini.

Babu yangu Nyaginda alikuwa mtu wa stima.
Mimi ni mtu wa stima.
Hatukupata kufanya kazi moja.
Yeye alilisha moto, Kisumu hadi Bukoba,
akarudi na nyusi zilizoungua
na mkungu wa ndizi begani.

Usiku nikikosa usingizi huyafungua maneno
kama nifunguavyo mita iliyochezewa.
Manowari: mtu wa vita, alisema Mwingereza,
maneno matatu yaliyotwangwa kwenye kinu kimoja
hata mtu akapotea, ikabaki meli yenye mizinga.
Nahodha: Mwajemi alimaanisha bwana wa chombo,
na babu alisema wa kwao alikuwa bwana wa kila kitu
isipokuwa mkewe.
Na meli yenyewe, kubwa hivyo, yenye kutu hivyo,
ilikuwa posta. Ilikuwa mfuko wa barua.
Tuliona mfuko ukishuka, tukakiita chombo kizima barua.

Hilo sijawahi kumwambia nyanya Rusalia.
Babu aliondoka mwezi wa sita, mwaka ambao haukumbuki tena,
na meli zikaja, zikaja,
wala barua haikuja.

Saa tatu kasorobo nikarudisha fyuzi.
Mwanga ukatapakaa toka Pand Pieri hadi Dunga,
redio zikaamka katikati ya sentensi,
na watoto wakalipuka, kama ilivyo desturi yao:
Stima imerudi! Stima imerudi!

Nilimkuta njia panda.
Kitambaa cha kanisani kichwani, viatu vya kanisani,
kimoja hakijafungwa. Kikapuni sufuria ya ugali,
moto bado.
"Mbona mnanichelewesha?" akasema.
"Wote wamepiga kelele. Imefika."

Ningeweza kusema: nyanya, ni taa tu.
Nilifungua kinywa hata.
Lakini kati yetu wawili, nani alilikosea neno?
Yeye alikuwa amelishika kabla sijazaliwa,
likiwa bado na moshi.

Nikampakia kwenye pikapu ya kampuni,
ngazi ikigonga juu ya paa,
tukashuka hadi geti la bandari.
Nyuma ya uzio, chombo kimoja cha kale,
gugumaji limekibana pande zote
kama watu waliokuja matanga wakakataa kuondoka.

Askari alikuwa kijana, alikuwa na adabu.
"Hakuna meli leo, dani."

"Sijauliza meli," akamjibu.
"Nimeuliza stima."

Kijana akanitazama. Akatazama maandishi mlangoni mwa gari,
yale ya kampuni, na umeme wake wa rangi ya manjano.
Akatazama sufuria.
Kisha akainua kidole, polepole, kama anayejibu mtihani,
akaonyesha balbu iliyokuwa ikiwaka juu ya geti.

Nyanya aliitazama muda mrefu.
Wadudu waliizunguka.
"Ndogo," akasema.
"Walikuwa wengi humo?"